Dondoo muhimu: Hija ya Pugu kwa miguu

Wanafunzi, kutoka Kariakoo hadi Kituo cha Hija Pugu ni zaidi ya kilomita 20, sehemu kubwa ikiwa lami ya Barabara ya Nyerere. Ondokeni kabla ya alfajiri. Jua likiwakuta Ukonga, vilima vya Pugu vitawatesa.

Viatu ndiyo habari yenyewe. Raba za Mtaa wa Kongo zinafaa kabisa, ila zinunuliwe mapema, mzivae kwenda shule na kurudi mpaka zilainike kisigino. Soksi ziwe za pamba, na jozi ya akiba kwenye begi. Mguu ukianza kuwaka, simama palepale ubandike plasta. Usisubiri lengelenge lipasuke.

Tembeeni kulia mwa barabara, mkiyatazama magari yanayokuja. Rozari mkononi, simu mfukoni. Aliyechoka sana asilazimishwe: Gongo la Mboto daladala zipo.

Walimu, wasimulieni vijana kwamba Wabenediktini walianza misheni Pugu mwaka 1888, na Januari 1889 ikavamiwa, baadhi yao wakauawa. Simulizi hiyo itangulie Misa, wakiwa wamekwisha kunywa maji na kupumzika.