Hesabu ya Sikio

Twaeni likembe. Pigeni ulimi mfupi: sauti ni nyembamba. Pigeni ulimi mrefu: sauti ni nzito. Kumbukeni hilo, maana ndani ya sikio mna kitu kinachofanana nalo.

Nyuma ya ngoma ya sikio kuna vifupa vitatu, na nyuma yao kuna tundu lililojiviringisha kama nyumba ya konokono, nalo limejaa maji. Katikati yake unapita utando, urefu wake karibu milimetri 35. Mlangoni si mpana, tena umekaza. Mwishoni ni mpana na mlegevu.

Georg von Békésy, mtu wa Hungaria, alifanya kazi ya simu katika posta ya Budapest. Alichukua masikio ya watu waliokufa, akayatazama kwa mikroskopi. Akaona wimbi likitembea juu ya utando. Wimbi la sauti nyembamba huinuka karibu na mlango. La sauti nzito huenda mpaka karibu na mwisho. Mwaka 1961 alipewa zawadi ya Nobel.

Sasa tuhesabu. Mitetemo ya sauti ikizidishwa kwa 2, mahali pa wimbi husogea karibu milimetri 5 kuelekea mlangoni. Toka mitetemo 1,000 kwa sekunde mpaka 2,000 ni milimetri 5. Toka 2,000 mpaka 4,000 ni 5 tena. Angalieni vema: tunazidisha, hatujumlishi! (Kwa sauti nzito sana kipimo hiki hakifai.)

Lakini mwaka 1948 Thomas Gold alihesabu, akaona shida. Maji huzuia utando. Basi tungewezaje kutenganisha sauti mbili zilizo karibu? Akasema: sikio lililo hai huongeza nguvu yake lenyewe, kama mtu anayesukuma bembea. Wengi hawakumsadiki. Mwaka 1978 David Kemp, huko London, alitia maikrofoni ndogo katika sikio, akapeleka sauti fupi, akapata sauti hafifu ikirudi kutoka ndani.

Leo watoto wachanga hupimwa hivyo, nao wamelala. Sauti isiporudi, waganga hupima tena. Pengine ni uchafu tu. Pengine mtoto hasikii, na mama amejua mapema, kabla ya miaka ya kumwita bure.

Maswali
1. Utando umekaza upande gani?
2. Toka mitetemo 1,000 mpaka 8,000, wimbi husogea milimetri ngapi?
3. Kwa nini Békésy hakuiona nguvu ile aliyoisema Gold?