Plau ya Theluji kwa Pikapu: Uchaguzi Unaoanzia kwenye Ekseli

Katika miji ya kaskazini mwa Marekani, majira ya baridi huja na kazi isiyoahirishika: kuondoa theluji njiani. Buffalo, mji wa jimbo la New York ulio ukingoni mwa Ziwa Erie, hupata kwa wastani zaidi ya mita mbili za theluji kwa mwaka. Barabara za mji husafishwa kwa malori ya serikali, lakini njia ya kuingilia nyumbani, uwanja wa kanisa au msikiti na maegesho ya duka huachiwa mwenyewe. Ndiyo maana wakazi wengi wa huko, wakiwamo wasemaji wa Kiswahili waliohamia Buffalo au Portland ya jimbo la Maine kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, hufikiria kufunga plau ya theluji kwenye pikapu, ama kwa mahitaji ya nyumbani ama kwa kazi ya kulipwa.

Plau ya theluji ni bamba pana lililopinda kidogo, la chuma au la plastiki ngumu, linalofungwa mbele ya gari ili kusukuma theluji kando. Mnunuzi kwa kawaida huanza kwa kuuliza upana wa bamba. Makala haya yataanza na theluji yenyewe, kisha matairi, kisha ekseli, na bamba litakuja baadaye. Mpangilio huu una sababu: kila hatua huiwekea mpaka hatua inayofuata, na asiyeijua mipaka hiyo hununua plau ambayo gari lake haliwezi kuibeba kwa usalama.

Theluji ni fuwele za barafu zilizolaliana, na kati ya fuwele hizo kuna hewa nyingi. Kiasi cha hewa hiyo ndicho kinachoamua densiti ya theluji. Densiti ni kipimo cha tungamo lililomo katika ujazo fulani wa kitu. Mita moja ya ujazo ya maji ina kilo 1,000. Mita hiyohiyo ya theluji kavu iliyoanguka sasa hivi huwa na kilo 50 hadi 100 tu, kwa kuwa sehemu kubwa yake ni hewa. Theluji inayoanguka wakati joto linakaribia nyuzi sifuri za Selsiasi huwa na majimaji, nayo hufikia kilo 200 au zaidi. Theluji iliyogandamizwa, kama tuta ambalo lori la mji huliacha mdomoni mwa njia ya nyumbani, huweza kupita kilo 400.

Tuchukue mfano wa njia yenye urefu wa mita 30, inayosafishwa kwa mkondo wenye upana wa mita 2, na theluji yenye kina cha sentimita 20. Ujazo wake ni 30 × 2 × 0.2, yaani mita za ujazo 12. Ikiwa theluji ni kavu, yenye kilo 70 kwa kila mita ya ujazo, jumla yake ni kilo 840. Ikiwa imelowa na kufikia kilo 200, jumla ni kilo 2,400. Kina ni kilekile na njia ni ileile, lakini mzigo umezidi karibu mara tatu. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi lihusu aina ya theluji inayoanguka mahali pake, na si kina chake peke yake.

Mzigo huo husukumwa kwa kani. Kani ni msukumo au mvuto, nayo hupimwa kwa nyutoni. Uzito wa kilo moja ni takriban nyutoni 10. Injini huzungusha magurudumu, lakini kinachoisogeza pikapu mbele ni msuguano kati ya tairi na ardhi. Kani kubwa kabisa ya msuguano hupatikana kwa kuzidisha uzito unaokandamiza tairi kwa uwiano wa msuguano, ambao ni namba inayotegemea nyuso mbili zinazogusana. Mpira wa tairi juu ya lami kavu huwa na uwiano wa karibu 0.7 au 0.8. Juu ya theluji iliyoshindiliwa uwiano hushuka hadi karibu 0.25, na juu ya barafu hadi karibu 0.1.

Tuseme pikapu pamoja na plau na watu wake ina kilo 2,930, yaani uzito wa takriban nyutoni 29,000. Juu ya theluji iliyoshindiliwa, gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne litapata kani isiyozidi nyutoni 7,200 hivi. Kama ni magurudumu ya nyuma pekee yanayoendeshwa, nayo yamebeba kilo 1,180, kani hushuka hadi karibu nyutoni 2,900. Kani ikihitajika zaidi ya hapo, matairi yatateleza, hata injini iwe na nguvu kiasi gani. Hapa pana matokeo mawili. Kwanza, kwa kazi hii pikapu inayoendeshwa na magurudumu yote manne na matairi ya majira ya baridi vina faida kuliko injini kubwa. Pili, bamba pana kupita kiasi hukusanya theluji nyingi kuliko matairi yanavyoweza kusukuma.

Sasa tuje kwenye ekseli, mhimili unaobeba magurudumu. Hapa ndipo makosa mengi ya ununuzi hutokea. Plau haikai juu ya ekseli ya mbele. Inaning'inia mbele yake. Anayebeba ndoo ya maji karibu na mwili huona nafuu, na akinyoosha mkono huona ndoo ileile imekuwa nzito. Sayansi huliita jambo hili kanuni ya wenzo: athari ya mzigo huongezeka kadiri mzigo unavyokuwa mbali na egemeo, yaani pale wenzo unapoegemea. Katika pikapu, plau iliyoinuliwa hukandamiza ekseli ya mbele na wakati huohuo huinua sehemu ya nyuma.

Tuhesabu. Tuchukulie kwamba umbali kati ya ekseli mbili ni mita 3.6, na kitovu cha uzito wa plau kiko mita 1.5 mbele ya ekseli ya mbele. Plau ya kilo 300 itaiongezea ekseli hiyo 300 × (3.6 + 1.5) ÷ 3.6, yaani kilo 425. Zile kilo 125 za ziada zimetoka ekseli ya nyuma, ambayo sasa imepungukiwa kwa kiasi hichohicho. Hivyo plau ya kilo 300 ni mzigo wa kilo 425 kwa springi, beringi na matairi ya mbele, na kila shimo la barabarani huuongeza mzigo huo kwa kitambo kidogo.

Kila ekseli ina mpaka uliowekwa na kiwanda. Katika magari ya Marekani, mpaka huo umeandikwa kwenye lebo iliyobandikwa kando ya mlango wa dereva, kwa herufi GAWR. Mpaka wa gari zima huandikwa GVWR. Tuseme mpaka wa ekseli ya mbele ni kilo 1,750. Pikapu tupu inaikandamiza kwa kilo 1,400, na watu wawili wanaongeza kilo 80 mbele, jumla 1,480. Ukiongeza kilo 425 unapata 1,905. Mpaka umevukwa kwa kilo 155, na plau hiyo haifai kwa gari hilo.

Plau ya kilo 200 itaongeza kilo 283 mbele, na jumla itakuwa 1,763, yaani juu ya mpaka kwa kilo 13. Hapo hutumika uzito wa kusawazisha: mzigo unaowekwa nyuma ya ekseli ya nyuma, mara nyingi mifuko ya mchanga. Ukiwekwa sentimita 90 nyuma ya ekseli hiyo, kila kilo nne hupunguza kilo moja mbele. Kilo 70 za mchanga zitashusha jumla ya mbele hadi karibu 1,746, na ekseli ya nyuma itarudishiwa uzito ulioinuliwa na plau, jambo linaloimarisha breki na usukani. Mchanga huo lazima ufungwe imara, kwa sababu gari likisimama ghafla mzigo uliolegea hurushwa mbele.

Je, mchanga ungeweza kuiokoa ile plau ya kilo 300? Kuondoa kilo 155 mbele kungehitaji zaidi ya kilo 600 nyuma, nazo zingelisogeza gari zima karibu na mpaka wake au hata kuuvuka. Uzito wa kusawazisha hurekebisha upungufu mdogo; hauwezi kuigeuza pikapu nyepesi kuwa nzito. Kwa sababu hii watengenezaji wa plau huwa na jedwali linaloonyesha plau inayofaa kila gari, na watengenezaji wa magari huuza baadhi ya pikapu zikiwa na matayarisho maalumu ya plau, kwa mfano springi za mbele zilizo imara zaidi. Ni vizuri kuliuliza hilo kabla ya kununua gari lenyewe. Plau hufungwa kwenye chasisi kwa viungo vilivyotengenezwa kwa aina hiyo ya gari. Haifungwi kwenye bampa, ambayo haikuundwa kubeba mzigo huo.

Mpaka wa uzito ukishajulikana, tunaweza kupima upana. Bamba hugeuzwa upande ili theluji imwagike pembeni badala ya kurundikana mbele, na kwa njia hiyo kani inayohitajika hupungua. Lakini bamba likigeuzwa, mkondo wake hupungua. Kwa pembe ya nyuzi 30, upana unaobaki ni asilimia 87 hivi ya upana kamili. Bamba la futi 7.5, yaani mita 2.29, hubakiwa na mita 1.98, na la futi 8, yaani mita 2.44, hubakiwa na mita 2.11. Pikapu nyingi kubwa za Marekani zina upana wa karibu mita 2. Kanuni ni kwamba bamba lililogeuzwa lifunike njia ya matairi. Vinginevyo magurudumu yataikanyaga theluji na kuishindilia, na theluji iliyoshindiliwa hugeuka barafu ngumu kukwangua.

Kwa umbo, bamba ni la aina tatu kuu. Bamba nyoofu ni jepesi, lina viungo vichache, nalo hutosha kwa njia ya nyumbani. Bamba la umbo la V limegawanyika katikati: likielekeza ncha mbele hupasua theluji nzito au tuta lililoganda, na likigeuzwa kinyume hukusanya theluji kama kijiko. Uwezo huo huongeza uzito na bei, hivyo hufaa pikapu zenye ekseli imara. Bamba lenye mabawa hupanuka pande zote mbili, nalo hufaa maegesho makubwa.

Mpindo wa bamba huifanya theluji ipande na kujiviringisha, badala ya kubanwa mbele yake. Chuma huhimili vishindo lakini hushika kutu, hasa penye chumvi inayomwagwa barabarani. Plastiki haishiki kutu na theluji huteleza juu yake kwa urahisi, ila huhitaji fremu ya chuma nyuma yake, kwa hiyo si lazima iwe nyepesi zaidi. Chini ya bamba hufungwa ukanda wa chuma unaogusa ardhi, uitwao makali, nao hubadilishwa ukiisha. Penye changarawe, huongezwa viatu vya chuma vinavyoyainua makali kidogo ili mawe yasikokotwe.

Chini ya theluji huweza kujificha jiwe, ukingo wa njia au mfuniko wa shimo. Kwa hiyo plau huwa na springi zinazoiruhusu kujikunja inapogonga. Katika aina moja bamba zima huinama mbele. Katika nyingine ni makali peke yake yanayojikunja, na theluji iliyokusanywa haimwagiki. Kinga hiyo ina kikomo. Nishati ya mwendo huongezeka kwa mraba wa kasi: ukiongeza kasi mara mbili, nishati ya kugonga huwa mara nne. Mwendo wa polepole huilinda plau kuliko springi yoyote.

Plau huinuliwa na kugeuzwa kwa haidroliki, yaani nguvu ya kimiminika kilichofungiwa. Mfaransa Blaise Pascal alieleza katika karne ya 17 kwamba kanieneo, yaani kani kwa kila eneo, likiongezwa katika kimiminika kama hicho husambaa pande zote bila kupungua. Pampu inayoendeshwa na mota ya umeme hukandamiza mafuta ndani ya silinda. Pistoni yenye kipenyo cha sentimita 5 ina eneo la karibu sentimita 20 za mraba; chini ya kanieneo la paskali milioni 10, itasukuma kwa nyutoni 20,000, sawa na uzito wa tani mbili. Mota hiyo huvuta umeme mwingi kwa muda mfupi, kwa hiyo betri iwe nzima na alteneta iwe na uwezo wa kuijaza. Bamba lililoinuliwa huzuia pia mwanga wa taa na hewa iendayo kwenye rejeta. Taa za nyongeza ni za lazima, na safarini bamba lishushwe kadiri barabara inavyoruhusu.

Namba zilizotumika hapa ni za mfano, na kila gari lina zake. Plau ikishafungwa, mchanga ukiwa nyuma na watu wakiwa ndani, gari lipelekwe kwenye mizani ya vituo vya malori, inayopima kila ekseli peke yake, bamba likiwa limeinuliwa. Namba ya mizani ilinganishwe na ile ya mlangoni. Ikizidi, chagua plau nyepesi zaidi, hata kama bamba lake ni jembamba na kazi itachukua mizunguko mingi zaidi.