Kusoma Wakati wa Kungoja: Somo kwa Kamati za Sharika



Katika kikao cha kamati ya udiakonia kule Hasamba, baada ya kumaliza habari za paa la nyumba ya mwinjilisti, tulifika kwenye ajenda ya mchango wa elimu kwa wakimbizi. Mzee mmoja wa kanisa, mkulima wa kahawa anayeheshimika sana, akanyoosha mkono. "Mratibu," akasema, "wale watu wanangoja kupelekwa Marekani. Wakifika huko watasomeshwa na wenyeji wao. Sisi tunawasomeshea nini? Na watoto wetu hapa wanakaa wanne kwenye dawati moja." Wajumbe wakacheka kidogo, lakini hakuna aliyempinga. Nami sikuwa na jibu la kumtosheleza siku ile. Nilisema maneno mawili matatu ya jumla, tukaahirisha ajenda.

Somo hili ni jibu ambalo nilipaswa kumpa mzee wangu. Ninaliandika pia kwa ajili ya kamati nyingine na kwa wafadhili wetu, maana swali hilo huulizwa hata huko, ila kwa lugha ya barua.

Wangapi hasa wanaondoka?

Kwa kawaida huzungumzwa njia tatu za mkimbizi kuondokana na ukimbizi: kurudi kwao kwa hiari, kupokelewa kabisa na nchi aliyokimbilia, au kuhamishiwa nchi ya tatu kama Marekani, Kanada au Australia. Njia hii ya tatu ndiyo inayosimuliwa zaidi, lakini ni nyembamba sana. Kwa hesabu za Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR), wanaoipata kwa mwaka hawafiki hata mmoja katika kila wakimbizi 100 duniani.

Tuchukue kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliovuka Ziwa Tanganyika wakikimbia vita vya Kivu Kusini. Mtoto aliyezaliwa pale mwaka ule sasa ni mtu mzima mwenye watoto wake. Kuanzia mwaka 2015 Marekani ilianza kuwachukua Wakongo wa Nyarugusu kwa mpango wa kundi, na maelfu walikwenda. Kila mtu kambini akawa na ndugu au jirani aliyeondoka. Kisha, tarehe 20 Januari 2025, Rais Trump alitia sahihi amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, na amri ikaanza kutumika siku saba baadaye. Watu katika nchi mbalimbali waliokwisha kuhojiwa, kupimwa afya na hata kupangiwa tarehe ya safari, walifutiwa safari zao.

Mwenye kujenga tumaini lake lote juu ya orodha ya majina alilipoteza kwa juma moja. Aliyekuwa kidato cha tatu aliamka Jumatatu iliyofuata akiwa bado kidato cha tatu. Sisemi kwamba hakuumia. Nasema kazi aliyokwisha kuifanya haikufutwa pamoja na safari.

Pia tukumbuke namna maisha ya kambini yalivyo. Kwa Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, mkimbizi Tanzania hukaa mahali alipopangiwa, na akitaka kutoka anahitaji kibali. Hawezi kwenda mjini kutafuta kibarua kama kijana wa Hasamba anavyoshuka Tunduma kupakia malori. Chakula ni cha mgao, na mgao hupungua fedha zinapopungua. Katika hali hiyo shule ni karibu mahali pekee ambapo kijana hupanda kutoka hatua moja kwenda nyingine kwa juhudi yake mwenyewe. Walimu wengi nao ni wakimbizi, wanaopokea posho ndogo. Kwa hiyo anayefundisha na anayefundishwa wote wanangoja, ila wanangoja wakiwa kazini.

Kosa letu la vitabu

Sasa niungame jambo. Miaka kadhaa iliyopita, kwa nia njema kabisa, tulikusanya vitabu vya kiada kutoka sharika mbalimbali ili tuvipeleke Kasulu. Tulipata maboksi mengi: Hisabati, Sayansi, Maarifa ya Jamii, vyote vya mtaala wetu wa Tanzania, kwa Kiswahili. Kabla ya kukodi gari, mtu mmoja aliyewahi kufanya kazi kambini akatuuliza, "Mnajua wale watoto wanasoma nini?" Hatukujua. Watoto wa Kikongo wa Nyarugusu husoma kwa mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa, na mwishoni hufanya mtihani wa taifa wa Kongo. Warundi waliokuja kuanzia mwaka 2015 walisoma kwa mtaala wa Burundi. Vitabu vyetu vikaishia katika shule za msingi za hapa hapa, ambako kwa kweli vilihitajika.

Kosa hilo lilinifundisha kwamba kwa mkimbizi swali la elimu haliishii kwenye kusoma. Anasoma kwa lugha gani, na cheti chake kitakubaliwa na nani?

Historia ya nchi yetu inalionyesha jambo hili vizuri. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa ardhi Katumba na Ulyankulu, na baadaye Mishamo. Shirika la Kikristo la Kuhudumia Wakimbizi (TCRS), lililoanzishwa mwaka 1964 na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani kwa makubaliano na serikali, lilikuwa mkono wa kazi katika makazi hayo: barabara, visima, zahanati na shule. Watoto walisoma kwa mtaala wa Tanzania, kwa Kiswahili, kama watoto wa Vwawa.

Miaka thelathini na tano ikapita. Mwaka 2007 serikali ilianza kuwauliza watu wa makazi hayo: mnarudi Burundi, au mnaomba uraia? Takriban mmoja kati ya watano alichagua kurudi. Waliobaki waliomba uraia wa tajnisi, na zaidi ya 162,000 walikubaliwa. Vyeti vya uraia vilichelewa, vikaanza kugawiwa kwa wingi mwaka 2014. Katika miaka hiyo hiyo, wengine wa kizazi cha wakimbizi wa 1972, ambao walikuwa katika kambi za Kigoma na Kagera, walipelekwa Marekani kwa maelfu.

Hapa mzee wangu angalie vizuri. Watu waliokimbia janga moja waliishia katika njia zote tatu, na mwaka 1975 hakuna mwalimu wa Katumba ambaye angeweza kujua ni mtoto yupi atapita ipi. Waliopata uraia walikuta shule imekwisha kuwafanya majirani wa Watanzania: wana Kiswahili na wana vyeti vya hapa. Waliorudi Burundi walipata taabu. Watoto waliosoma kwa Kiswahili na Kiingereza walijikuta katika madarasa ya Kirundi na Kifaransa, wengine wakarudishwa nyuma kukaa na wadogo zao, wengine wakaacha shule. Ndiyo maana hoja ya kuwasomesha wakimbizi kwa mtaala wa kwao si hoja ya kijinga. Lakini mtaala wa kwao nao humbana anayebaki hapa, kwa sababu cheti chake hakimpeleki chuo cha Tanzania kwa urahisi.

Jirani zetu walichagua njia nyingine. Huko Kakuma, kaskazini mwa Kenya, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992, wakimbizi husoma kwa mtaala wa Kenya. Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani limekuwa katika kambi hiyo tangu mwanzo wake, na limesimamia shule nyingi za msingi. Kwa hiyo hata sadaka zetu Walutheri zina sehemu pale. Vijana wa Sudan waliotembea mamia ya kilomita bila wazazi walianza kusoma Kakuma wakiwa chini ya miti. Karibu 3,800 kati yao walipokelewa Marekani kuanzia mwaka 2000. Kenya ikawapa waliobaki vyeti ambavyo vyuo vya Afrika Mashariki vinavitambua. Tena kuna mpango wa Kanada, unaoendeshwa tangu mwaka 1978 na shirika la World University Service of Canada, ambao huwachukua vijana wakimbizi, wakiwemo wa Kakuma, Dadaab na wa Dzaleka nchini Malawi, waende kusoma chuo kikuu na kukaa huko moja kwa moja. Kwa hao, shule yenyewe ndiyo iliyofungua njia ya tatu.

Nimeitaja Dzaleka makusudi. Iko Dowa, upande wa pili wa Mto Songwe na mbele zaidi, na kabla ya kuwa kambi mwaka 1994 ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wa Rais Banda. Wakongo wengi waliopo pale ni wasemaji wa Kiswahili. Kuanzia mwaka 2010 Wajesuiti walianzisha pale masomo ya diploma kwa njia ya intaneti pamoja na chuo kikuu cha Marekani. Mtu amekaa mahali palipokuwa gereza, hana ruhusa ya kwenda atakako, na anafanya mtihani wa chuo.

Wasomaji wasinielewe vibaya. Hawa ni wachache. Taarifa ya UNHCR ya mwaka 2023 ilionyesha kwamba ni takriban vijana wakimbizi 7 katika kila 100 waliofika elimu ya juu; mwaka 2019 walikuwa 3. Wengi hukwama kwenye sekondari, wasichana zaidi. Kumwahidi kila mtoto chuo cha Kanada ni kumpa orodha nyingine ya kungojea, tofauti na ile ya kwanza kwa jina tu.

Barua kwa waliohamishwa

Kamati zinazopenda kuanza kikao kwa Neno zinaweza kusoma Yeremia sura ya 29. Nabii anawaandikia watu waliochukuliwa mateka Babeli. Kulikuwa na manabii wengine waliowaambia kwamba watarudi upesi, na bila shaka hao ndio waliosikilizwa kwa furaha. Yeremia anawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto, wautakie mema mji walimo. Hakuwakataza kutumaini kurudi. Aliwataka wasiache kuishi kwa sababu ya kungoja.

Kuna pia upande wa giza. Kambi ya Mtabila, jirani na Nyarugusu, ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2012. Shule zake zilikuwa zimefungwa tangu 2009, ili watu waelewe kwamba wakati wa kuondoka umefika. Waliotaka kuwavunja watu moyo wa kubaki walijua waanzie wapi.

Kuhusu madawati

Narudi kwa mzee wangu. Hoja yake ya madawati ni ya haki, na sitaki fedha ya dawati la Hasamba ihamishwe kwenda Kasulu. Ninachopendekeza ni sehemu ndogo ya sadaka ya mavuno, iliyotajwa wazi kwenye bajeti, nayo itumike kwa mambo yanayofuata cheti: ada za mitihani, vitabu vya mtaala unaotumika kweli, posho za walimu, taa za kusomea kwa wasichana, masomo ya lugha kwa wanaohama kutoka mtaala mmoja kwenda mwingine. Na kabla ya kununua kitu chochote, tuwaulize wanaofundisha kule.

Kwa kikao kijacho naomba kila kamati ijadili haya. Je, katika usharika wetu yupo mtu aliyezaliwa au kukulia Katumba, Mishamo au Ulyankulu, na yuko tayari kutusimulia alivyosoma? Kama safari zote za nchi ya tatu zingefungwa kabisa, tungeendelea kuchangia, au tungesema hakuna haja tena? Na wafadhili wetu wanaotaka taarifa ya idadi ya waliofaulu, tutawaandikiaje kuhusu kijana aliyefaulu na ambaye bado yuko kambini? Majibu yaandikwe kwenye muhtasari na yaletwe ofisi ya miradi pamoja na taarifa ya robo mwaka. Hasamba wamekwisha kupanga siku yao, na mzee wangu ameomba awe wa kwanza kuzungumza.