Muuzaji wa Intaneti Vijijini: Umpate Wapi, Umlipe Vipi

Wateja kumi wa kwanza wa biashara ndogo ya intaneti huwa ni jamaa, marafiki na majirani wa mwenye biashara. Hao hawahitaji kushawishiwa. Mteja wa kumi na moja hakujui, na haoni sababu ya kuacha bando la simu yake ili akupe wewe shilingi 30,000 kila mwezi. Lazima apatikane mtu wa kwenda kwake, akae naye, amweleze. Wewe mwenyewe huwezi kuwa mtu huyo kila siku, maana ndiye unayepanda paa kukaza antena, ndiye unayejibu simu usiku mtandao ukikatika, na ndiye unayedaiwa na kampuni iliyokuuzia intaneti ya jumla.

Nayaandika haya nikiifikiria Mkumbara, pale chini ya milima ya Usambara kwenye barabara kuu ya Segera kwenda Moshi, pamoja na majirani zake wa Mombo na Mazinde, hadi upande wa Handeni. Ni eneo lenye wafanyakazi wa mkonge, wakulima, walimu, wenye maduka, wenye nyumba za wageni na vijana wengi wenye simu janja. Soko lipo. Kinachoziangusha biashara nyingi za aina hii ni namna zinavyowalipa wanaouza.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: mlipe muuzaji kwa mteja anayebaki, usimlipe kwa mteja aliyeandikishwa tu. Anayelipwa kwa kichwa ataleta vichwa. Atamwandikisha shemeji yake, mjomba wake na mpangaji anayehama mwisho wa mwezi. Atamwahidi mteja kasi ambayo mnara wako hauna, achukue chake, na wewe ubaki na ruta iliyofungwa kwenye nyumba isiyolipa. Tumeyaona haya kwenye laini za simu. Usajili wa laini kwa alama za vidole nchini Tanzania ulifikia kikomo chake tarehe 20 Januari 2020, lakini wananchi waliendelea kuhimizwa kupiga *106# waone kama namba zao za NIDA zimetumika kusajili laini wasizozijua. Mfumo wa kumlipa mtu kwa idadi ya usajili haukosi lawama katika hilo.

Safaricom ilipoanzisha M-Pesa nchini Kenya mwaka 2007, ililiona tatizo hili mapema. Wakala hakupewa malipo yote ya kumsajili mteja siku ya usajili. Sehemu yake aliipata baada ya mteja kuweka fedha kwenye akaunti. Hapo wakala alikuwa na sababu ya kumfundisha mteja kuitumia huduma. Wewe nawe unaweza kufanya hivyo hata kama una wateja thelathini tu.

Tufanye hesabu. Tuseme kifurushi chako cha nyumbani ni shilingi 30,000 kwa mwezi, na ukishalipia intaneti ya jumla, umeme, fundi na leseni unabaki na shilingi 12,000 kwa kila mteja. Ukimpa muuzaji shilingi 20,000 siku ya kufunga, na mteja akaondoka baada ya mwezi mmoja, umepoteza shilingi 8,000, mbali na jasho la fundi. Sasa gawanya malipo. Mpe shilingi 5,000 mteja anapofungiwa na kulipia mwezi wa kwanza. Mpe nyingine 5,000 mteja akilipia mwezi wa tatu. Juu ya hapo, mpe asilimia 10 ya kila malipo ya mteja huyo, yaani shilingi 3,000 kwa mwezi. Mteja akiondoka baada ya mwezi mmoja, umetoa shilingi 8,000 na bado una 4,000 mkononi. Akikaa mwaka mzima, muuzaji amepata shilingi 46,000, wewe umebaki na 98,000, na wote wawili mnataka mteja yule abaki.

Tarakimu zako zinaweza kuwa tofauti. Kanuni ya kuangalia ni moja: katika mwezi wowote ule, jumla uliyokwisha kumlipa muuzaji kwa mteja mmoja isizidi faida uliyokwisha kuipata kwa mteja huyo. Ukiilinda kanuni hiyo, hata akileta wateja mia kwa mwezi hutaishiwa fedha kwa sababu ya kamisheni. Ukiivunja, kadiri anavyouza sana ndivyo unavyofilisika haraka.

Asilimia ihesabiwe kwenye fedha iliyolipwa, bila kujali jina la kifurushi. Mwalimu, zahanati au nyumba ya wageni italipia mwezi. Kibarua wa shambani atataka cha siku au cha wiki, na hana kosa. Analipa kwa jinsi anavyolipwa. Muuzaji akijua kwamba fedha ndogo nayo inamhesabia, hatawadharau wateja wadogo. Kwa vocha za wi-fi mambo ni mepesi zaidi: mwenye duka ananunua vocha ya shilingi 500 kwa shilingi 450, anauza, faida yake iko mfukoni siku hiyo hiyo, na wewe humdai wala hakudai.

Sasa, umpate wapi mtu huyu? Wengi hukimbilia kuwaleta vijana kutoka mjini, wanawavisha fulana zenye nembo na kuwatembeza mitaani kwa wiki mbili. Wiki ya tatu vijana wamekwenda, na mteja mwenye shida hajui amtafute nani. Mimi ningeanza na watu ambao tayari wameaminiwa na jirani zao katika mambo ya fedha na simu. Wa kwanza ni wakala wa miamala. Mama au kijana anayekaa kwenye kibanda cha M-Pesa, Airtel Money, HaloPesa au Mixx by Yas kutwa nzima anajua nani ana kipato cha kila mwezi, nani ana mtoto chuoni, nani hununua bando kila asubuhi. Hana haja ya kumfuata mteja. Mteja ndiye anayemfuata. Wa pili ni fundi simu, kwa sababu watu humuuliza ushauri na humwamini anaposema kitu kinafaa au hakifai. Wa tatu ni mweka hazina au katibu wa kikoba, hasa akiwa mwanamke mwenye sifa njema. Dereva wa bodaboda anafaa kupeleka habari na kumfikisha fundi, ila sijaona ni kwa nini akabidhiwe mkataba wa mteja wakati kazi yake inamtaka awe barabarani.

Mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji usiwafanye wauzaji. Nenda kwao ujitambulishe, waeleze mnara ni wa nini, waonyeshe karatasi zako, waheshimu. Lakini kiongozi akianza kupata kamisheni, jirani aliyekataa kununua atahisi amekataa serikali, na malalamiko yote ya mtandao yatakuwa siasa.

Mkumbara na Handeni usizichanganye kwa mtu mmoja. Nauli peke yake itamlia kamisheni. Handeni tafuta mtu wa Handeni, anayejua siku za mnada na anayeweza kusalimiana na wazee kwa Kizigua. Upande huu wa mlimani, Kisambaa kinafungua milango ambayo kipeperushi hakifungui.

Kabla hujakubaliana na mtu, mpe huduma yako bure kwa mwezi mmoja, nyumbani au kibandani kwake. Asiyeitumia ataishia kukariri maneno ya kwenye karatasi, na mteja atamjua. Kisha mwombe akutajie watu kumi atakaowaendea kwanza, na sababu ya kila mmoja. Mtu mzuri atakuambia, “Yule ana watoto watatu wa sekondari,” au, “Huyu ana stoo, anataka kamera.” Asiyefaa atakuambia kila mtu anahitaji intaneti. Mwisho, nenda naye kwa wateja wawili, ukae pembeni usikilize. Ukimsikia anaahidi kitu kisichokuwepo, mrekebishe siku hiyo hiyo. Akirudia, mwachane kwa heshima.

Jambo moja la kiufundi lazima muuzaji alijue kama jina lake: mahali ambapo mtandao haufiki. Wakati wa Wajerumani, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mbao za mierezi kutoka msitu wa Shume zilishushwa kwa waya wa juu hadi Mkumbara kwenye reli ya Tanga kwenda Moshi. Mawimbi ya antena yako nayo, kama waya ule, yanataka njia iliyo wazi hewani, na hayajui kuzunguka kona ya mlima. Nyumba ya mteja ionane na mnara, la sivyo hakuna biashara. Tembea naye kijijini, mwonyeshe nyumba zinazoonana na mnara na zile zilizofichwa na kilima au miembe. Mchoree ramani hata kwa kalamu. Na asiruhusiwe kupokea oda ya nyumba ambayo fundi hajaipima.

Fedha ya mteja isipite mkononi mwa muuzaji. Mteja alipe moja kwa moja kwenye Lipa Namba ya biashara, apate ujumbe, na muuzaji naye aone kwamba mteja wake amelipa. Hii inamlinda muuzaji kuliko inavyokulinda wewe. Mtu mwaminifu akishika fedha ya watu, siku mtoto anaugua usiku, ataazima kwa nia njema, na urafiki utaishia polisi.

Siku ya kumlipa iwe moja, isiyosogea. Tarehe 5 ikifika, mtumie orodha ya wateja wake waliolipa, kiasi cha kila mmoja na jumla yake, kisha tuma fedha na ya kutolea. Hakuna kinachoua moyo wa muuzaji kama kuambiwa “subiri kidogo, mambo hayajakaa sawa” wakati anajua wateja wake wamelipa. Ukimchelewesha mara mbili, ataanza kuuza vitu vya mtu mwingine akiwa amevaa fulana yako, na mimi sitamlaumu.

Kuna haki nyingine ambayo wenye biashara wengi huisahau. Umeme ukikatika siku tatu na betri za mnara zikaisha, wateja hawatalipa, na asilimia ya muuzaji itapotea kwa kosa ambalo si lake. Wakati huo huo ndiye anayetukanwa kibandani kwake. Andikeni kwenye makubaliano kwamba mwezi ambao huduma imekatika kwa siku kadhaa, muuzaji atalipwa kwa wastani wa miezi mitatu iliyopita. Mpe pia namba ya fundi inayopokelewa, na mtumie ujumbe wa kweli kila tatizo linapotokea: nini kimeharibika, lini kitapona. Muuzaji mwenye jibu huwatuliza wateja ishirini kwa nusu saa.

Upande wa sheria, neno ni fupi ila lisipuuzwe. Kuuza intaneti kunataka leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Kama huna, fanya kazi kwa makubaliano rasmi na kampuni iliyo nayo, usimtume mtoto wa watu auze kitu kitakachomtia matatani. Taarifa za wateja, ikiwemo namba ya NIDA, zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Muuzaji asibaki na picha za vitambulisho kwenye simu yake. Azitume panapohusika na kuzifuta mbele ya mteja.

Halafu kuna swali la ajira. Wakala mwenye duka lake, anayeuza kwa saa anazotaka, ni mfanyabiashara mwenzako. Andikeni mkataba wa uwakala, na ulizia TRA juu ya kodi ya zuio kwenye kamisheni. Lakini ukimpangia mtu saa za kufika, ukamzuia kuuza kwingine na ukamfuatilia kila siku, sheria za kazi za mwaka 2004 zinaweza kumhesabu kuwa mwajiriwa hata kama karatasi inasema “wakala”. Mwajiriwa ana mshahara wa kima cha chini kilichowekwa kwa sekta yake, ana mchango wa NSSF, ana likizo, na mshahara wake haukatwi kiholela kwa sababu mteja fulani amehama. Kwa hiyo usimfanye mtu afanye kazi kutwa nzima kwa kamisheni tupu. Wakala mwenye wateja ishirini katika mfano wetu anapata shilingi 60,000 kwa mwezi. Kwake ni nyongeza nzuri juu ya kibanda, lakini kwa mtu asiye na kingine haimtoshi kuishi. Ukifika mahali unahitaji mtu wa kutwa, mwajiri kweli, mpe mshahara, na kamisheni iwe ndogo juu yake.

Anza na mawakala watatu tu, kila mmoja na eneo lake, kwa miezi mitatu. Kila mwezi hesabu wateja waliolipa tena, usihangaike na walioandikishwa. Ukipiga hesabu ukaona biashara yako haiwezi kumlipa muuzaji kila mwezi bila wewe kuumia, basi bei yako ni ndogo mno au gharama zako ni kubwa mno. Rekebisha hilo kwanza, ndipo umwite mtu kazini.