Kikohozi cha mama hakiishi, na si kifua kikuu

SWALI: Mama yangu yuko Nachingwea, amepikia kuni maisha yake yote. Anakohoa miaka mingi na kuishiwa pumzi. Makohozi hayana kifua kikuu, lakini kila mara anapewa antibiotiki tu. Tufanyeje?

JIBU: Pole kwa kuuguza. Mama apimwe ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ambao mwaka 2021 uliua watu wapatao milioni 3.5 duniani. Wengi hudhani ni wa wavuta sigara pekee. Moshi wa kuni nao huuleta, na aliyewahi kuugua kifua kikuu yumo hatarini pia.

Mwombeni daktari kipimo cha spirometa: mgonjwa hupuliza kwa nguvu baada ya kuvuta dawa ya kupanua njia za hewa. Hewa ya sekunde 1 ya kwanza ikiwa chini ya asilimia 70 ya pumzi yote, njia zimebana. Kama hakipo wilayani, ombeni rufaa.

Ugonjwa hauponi, ila dawa za kuvuta humpa nafuu kubwa. Mwambieni daktari habari za jiko la kuni, na msimu wa kupuliza dawa ya salfa mikoroshoni mama akae mbali, isimwashe kifua. Midomo ikigeuka bluu, mkimbizeni hospitali.