Mbu wangapi kati ya mia wana malaria?



Akina mama huuliza kliniki: "Tunalala ndani ya chandarua, na mtoto bado anaugua malaria. Chandarua kina faida gani?" Swali hilo ni la haki, wala halijibiwi kwa kumkemea mama. Mwezi huu tutalijibu kwa kueleza jinsi wataalamu wanavyopima malaria inayoletwa na mbu.

Tujue kwanza kwamba si kila mbu anaambukiza. Anayehusika ni anofelesi jike, naye mpaka awe amenyonya damu ya mtu mwenye vimelea. Vimelea hivyo hukua tumboni mwake, kisha huhamia kwenye tezi za mate. Katika joto la nyuzi 25 kazi hiyo huchukua siku 12 hivi. Katika nyuzi 20 hupita wiki tatu. Daktari Ronald Ross aliviona vimelea tumboni mwa mbu huko India mwezi Agosti 1897, na mwaka uliofuata Waitalia wakathibitisha kwamba anofelesi ndiye anayewaambukiza watu. Mapadri Weupe walikuwa wamefika Ujiji tangu 1879. Homa waliijua vizuri, chanzo chake hapana.

Wapimaji hutafuta hesabu mbili. Ya kwanza ni mbu wangapi wanamuuma mtu mmoja kwa usiku. Kwa njia ya zamani, mtu hukaa tangu jioni hadi alfajiri, suruali ameikunja mpaka magotini, mkononi ana tochi na mrija wa kufyonzea. Mbu akitua mguuni, humfyonza upesi kabla hajauma. Watu hao hupewa dawa ya kinga, na kwa maoni yetu wanastahili heshima kubwa. Njia nyingine ni mtego wa taa, ambao wavuvi wetu wa dagaa wataielewa mara moja: taa ndogo hutundikwa karibu na miguu ya mtu aliyelala ndani ya chandarua, mbu husogea, na feni huwavuta mfukoni.

Hesabu ya pili ni mbu wangapi kati ya hao wana vimelea tayari kwenye mate. Zamani kila mbu alipasuliwa chini ya hadubini. Siku hizi kichwa na kifua chake husagwa na kupimwa kwa dawa zinazobadilika rangi.

Kisha tunazidisha. Tuseme mtu anaumwa na anofelesi 10 kwa usiku, na 3 kati ya kila 100 wana vimelea. Kwa siku 10 atapata maumo 3 yenye malaria, na kwa mwaka zaidi ya 100. Mfano huu haukutiwa chumvi. Katika kijiji cha Namawala, karibu na Ifakara, watafiti wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 walipata zaidi ya 300 kwa mwaka.

Sasa turudi kwa yule mama. Tuseme chandarua kimepunguza maumo ya mtoto wake kutoka 100 hadi 20. Ameepushwa na 80, lakini 20 yamebaki, na hata moja laweza kumlaza kitandani. Huwa ni yale ya jikoni jioni, au ya usiku wa msiba tunapolala nje.

Lakini chandarua chenye dawa hufanya na kazi nyingine: kinaua mbu kabla hajazeeka. Ikiwa kila siku mbu 8 kati ya 10 wanabaki hai, baada ya siku 12 watabaki 7 hivi kati ya 100, na hao ndio wa hatari. Wakibaki hai 6 kati ya 10 kila siku, siku ya 12 watakuwa 2 tu kati ya 1000. Hapo hata mtoto wa jirani asiye na chandarua anafaidika. Kwa hiyo chandarua kinachopelekwa ziwani kuchotea dagaa si hasara ya nyumba moja tu.

Mkoani kwetu jambo hili ni zito. Katika uchunguzi wa kitaifa wa 2017, watoto 24 kati ya 100 wa Kigoma walikutwa na vimelea, wakati kwa nchi nzima walikuwa 7. Wengi wenye vimelea hawaoni homa yoyote, na bado mbu huvichukua kwao.

Mtoto akipata homa, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo apimwe. Akipewa dawa mseto, amalize siku zote tatu hata kama keshaanza kucheza. Na wanaokwenda kambi za uvuvi wachukue chandarua cha kulalia, maana anofelesi huuma zaidi kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri, saa ambazo wavuvi waliorudi ufukweni wamejilaza mchangani.