Sherehe Ipite, Jalala Lisibaki

Kikao cha kwanza cha kamati ya harusi huanza na swali la ukumbi. Nashauri kianze na swali la watu. Idadi ya wageni ndiyo inayoamua ukubwa wa ukumbi, kilo za mchele, chupa za maji na magari ya kukodi. Mkishuka kutoka wageni 400 hadi 200, mmeshaondoa karibu nusu ya gharama na nusu ya taka kabla hamjagusa ua hata moja. Nimekaa kwenye kamati kadhaa hapa Dar es Salaam, na sijaona hatua nyingine inayoikaribia hiyo.

Ugumu wake naujua. Kwetu anayechanga anategemea kadi, iwe ya singo au ya dabo, na kamati ikishaanza kukusanya michango, orodha huvimba yenyewe. Kwa hiyo mpangilio ugeuzwe: kwanza wanaharusi wakubaliane idadi na wazazi wa pande zote mbili, kisha wachangiaji watafutwe ndani ya idadi hiyo. Kadi zipelekwe kwa simu. Chapisheni chache tu kwa ajili ya wazee, maana wao huzitunza miaka.

Saa ya sherehe nayo ina bei. Harusi ya mchana haihitaji taa za rangi wala jenereta la usiku kucha, na ua wa nyumbani wenye mwembe na turubai moja unaweza kutosha. Epukeni miezi ya masika, Machi hadi Mei. Kuanzia Juni ardhi imekauka na machungwa ya Muheza yamejaa sokoni. Ibada na karamu zikiwa mtaa mmoja, wageni watatembea. Zikiwa mbali, basi dogo moja la abiria 25 linachukua nafasi ya magari mengi.

Sasa chakula, na hapa naomba tutulie. Asubuhi ya baada ya harusi moja niliyosaidia kupanga, tulikuta ndoo sita za pilau iliyochacha. Majirani wangeila usiku uleule kama mtu mmoja tu angepewa kazi ya kuigawa. Iliniuma, na bado inaniuma. Chakula cha namna hiyo kikifika dampo, pale Pugu Kinyamwezi kwa mfano, huoza bila hewa na kutoa methani, gesi inayonasa joto zaidi ya mara 25 kuliko hewa ya ukaa kwa kipindi cha miaka 100.

Kinachosababisha mabaki mara nyingi ni wingi wa aina za vyakula. Mezani kukiwa na wali, pilau, chipsi, ndizi, chapati na nyama za aina tatu, mgeni huonja kila kitu na kuacha nusu. Chagueni pilau, kitoweo kimoja, mboga za majani, kachumbari na tunda la msimu. Kuku ana mzigo mdogo kwa mazingira kuliko ng'ombe. Kilo moja ya mchele hutosha watu 6 hadi 8, kwa hiyo wageni 200 wanahitaji kama kilo 30. Ongezeni kidogo kwa ajili ya wapishi, wapiga picha na watoto, basi. Pakueni kwa sinia, watu wanne wanne, kama ilivyo desturi ya pwani: sahani za kuosha zinapungua na kila meza inapata kipimo chake.

Mpishi aulizwe mapema anapikia nini. Kilo moja ya mkaa wa tanuri la udongo hula kilo tano au zaidi za kuni. Wapishi wenye majiko makubwa ya gesi wapo, na bei ya mtungi igawanywe kwa idadi ya sahani kabla ya kusema ni ghali.

Maji ya chupa ndogo ndiyo yanayojaza uwanja asubuhi. Wageni 200 wakipewa chupa mbili mbili za nusu lita, ni chupa 400, sawa na lita 200. Maji hayohayo yanaingia kwenye chupa kubwa 11 za lita 18.9, ambazo hurudishwa dukani na kujazwa tena. Soda zinunuliwe za chupa za kioo: kreti tisa zenye chupa 24 zinawatosha watu wote, na chupa tupu zikirudi, dhamana yenu inarudi. Bilauri, sahani na masufuria azimeni au kodini kwenye kikundi cha akina mama, msikiti au kanisa la jirani.

Katika mapambo, puto na vipande vya kumetameta ni taka tupu. Vikishatawanyika kwenye nyasi havikusanyiki tena. Pwani tuna asumini, mkadi, rihani, majani ya mgomba na makuti mabichi, na harufu yake haina mfano. Badala ya kurusha makaratasi, nyunyizeni marashi kwa mrashi na kufukiza udi. Shela na suti zikodiwe. Sare ya ndugu iwe kanga au kitenge cha kuvaliwa tena Jumapili au Idi. Wanaopenda kutoa miche kama zawadi wampe mtu mwenye mahali pa kuipanda na maji ya kuimwagilia, la sivyo itakauka kwenye kibaraza.

Mwisho, kamati imteue mtu wa usafi kama inavyomteua mweka hazina, na jina lake lisomwe kikaoni. Kazi yake inaanza siku ileile: chakula safi kilichobaki kigawiwe ndani ya saa mbili tangu kiepuliwe, kwenye vyombo ambavyo majirani wamekuja navyo, kwani mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019. Maganda yaende kwa mfugaji wa mbuzi. Chupa za plastiki zitakazoingia na wageni ziwekwe gunia la peke yake, apewe mwokota chupa wa mtaa, naye akauze kwa kilo. Kreti zirudishwe kabla duka halijafungwa kesho yake.